Mhusika wako anasema lugha gani? Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika hadithi za Kiswahili Uganda

Wanangu,

Salaam. Naandika nikiwa na uchungu na sitauficha. Kila mnapoketi mbele ya wasomaji mnaulizwa mambo matatu: hadithi umeichota wapi, unaandika hadithi za aina gani, na mtindo wako ni upi. Majibu yamekuwa yaleyale. Hadithi "ilikuja tu". Hamtaki kufungwa na aina yoyote. Mtindo, mnataja waandishi watano wa Ulaya na Marekani, basi. Kisha mtu anafungua kitabu chenyewe na kumkuta bibi wa kijijini Masaka akiongea kama askari wa kizuizi cha barabarani. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, na ndipo nitakapoanzia.

Bibi yule haongei Kiswahili na mjukuu wake. Anaongea Luganda, na katika Luganda hiyo ni mtu wa mafumbo, ufasaha na heshima. Unapomwandika kwa Kiswahili, wewe ndiwe mkalimani wake. Ukimtia mdomoni "mimi nataka hii kitu", umemvua akili yake mbele ya msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye hana njia nyingine ya kumjua. Msomaji huyo atafunga kitabu akiamini kwamba wazee wa Uganda hawajui kusema.

Fanyeni hivi. Kabla ya kuandika mazungumzo yoyote, andika pembeni mwa ukurasa lugha inayosemwa kweli mahali pale. Ikiwa ni Luganda, Lusoga, Runyankore au Acholi, na wasemaji ni wenyewe, andika Kiswahili kamili, ngeli zote zipatane. Ladha ya kwao iingie kwa adabu na mwendo wa maneno: mjukuu anapiga magoti kusalimu, salamu inachukua mistari minne kwa kuwa Baganda hawamalizi kusalimiana kwa neno moja, bibi anaitwa Jjajja, mwanamume asiyejulikana anaitwa ssebo. Maneno mawili matatu ya namna hiyo katika ukurasa yanatosha. Usiyafafanue. Mtoto akisema "Jjajja" huku akimpelekea bibi maji, msomaji amekwisha kuelewa.

Ikiwa mazungumzo yenyewe ni ya Kiswahili, hapo andika Kiswahili kama kinavyosikika. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa hadi Malaba hasemi kama mchuuzi wa Busia aliyekiokota sokoni. Mkimbizi wa kambi ya Nakivale aliyetoka Bukavu ana Kiswahili cha Kongo, nacho si kile cha mtaa wa Kisenyi, Kampala. Askari wa kambini ana chake. Msikilizeni kila mmoja, mwandike alivyosema na alikuwa akitaka nini alipokisema. Mambo yanaharibika mnapochanganya: mhusika mmoja ni fasaha ukurasa wa 10, anavunja ngeli ukurasa wa 12, na hakubadili lugha wala mtu anayezungumza naye. Msomaji hajui tena kama kosa ni la mhusika au ni lako. Lakini uvunjaji wa ngeli ukitokea pale tu watu wa makabila mbalimbali wanapokutana kwa Kiswahili, msomaji ataisikia mipaka ya lugha bila kuambiwa.

Tena niulize, kwa nini Kiswahili halisi katika hadithi zenu ni cha mwizi na mwanajeshi peke yao? Najua kilikotoka. Jeshi la kikoloni la King's African Rifles liliamrisha kwa Kiswahili. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na miaka ile wazazi wengi walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, mbele ya bunduki. Hofu yao ni ya kweli na siidharau. Ila katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, na bado kuna shule ambazo hazijawahi kumwona mwalimu wake. Hata wasomi wetu hawakutusaidia. Mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962 uliitishwa kwa ajili ya wanaoandika Kiingereza. Shaaban Robert, bingwa wa Kiswahili, alifariki mwezi huohuo, na meza ile haikuwekwa kwa ajili ya mtu kama yeye. Taifa likikidharau Kiswahili nawe ukakiacha kwa majambazi tu, ni nani atakisafisha? Yupo nesi wa Arua, yupo imamu wa Kisenyi, yupo mama anayeuza vitenge mpakani Mpondwe. Hao wanapenda kwa Kiswahili, wanadai madeni kwa Kiswahili, wanaomboleza kwa Kiswahili. Waandikeni.

Sasa kuhusu mnakochota. Kuathiriwa na mwandishi mwingine si aibu, aibu ni kutojua umechukua nini. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimchukua Sherlock Holmes, mpelelezi wa Arthur Conan Doyle wa Uingereza, pamoja na kiko chake na rafiki yake wa karibu, akampa jina la Bwana Msa na kumtia katika mashamba, mizimu na koo za Unguja. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1960 na mpaka leo Msa ni Mzanzibari mtupu, kwa sababu mwandishi aliazima umbo la uchunguzi, lakini sababu za watu kuuana na kufichana alizitoa nyumbani. Ukimpenda mwandishi, nakili ukurasa wake mmoja kwa mkono. Hesabu sentensi. Pigia mstari kila kitenzi. Angalia habari muhimu ameiweka mwanzo wa aya au mwisho. Kisha funga kitabu uandike jambo lako mwenyewe kwa umbo lilelile. Ukifanya hivyo kwa waandishi watatu wasiofanana, utaweza kujibu swali la mtindo bila kubabaika.

Na aina ya hadithi ni ahadi. Anayenunua hadithi ya upelelezi amelipia fumbo, kwa hiyo uhalifu uonekane mapema, na kila kidokezo kitakachomnasa mhalifu kiwe kimepita mbele ya macho ya msomaji kabla ya mpelelezi kukitaja. Nyingi zinaanguka kwa kuwa mwandishi hajui kesi inavyokwenda hapa kwetu. Maiti ikipatikana mtaani, wa kwanza kuitwa mara nyingi ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ndipo polisi wa kituo cha jirani. Kesi nzito hufika makao ya upelelezi Kibuli, na maiti ya Kampala hupelekwa hospitali ya Mulago kupasuliwa. Laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na pesa za simu huacha kumbukumbu. Kama mpelelezi wako anahangaika sura nane kutafuta mwenye namba, eleza kwanza kwa nini usajili haukumsaidia: laini ya marehemu, laini ya kuazima, laini ya ng'ambo ya mpaka. Usipoeleza, fumbo lako limekufa sura ya pili.

Hadithi ya kale nayo ina masharti yake. Kampala ya 1972, Waasia wanapewa siku 90 kuondoka, haina pikipiki za bodaboda zilizojipanga barabarani. Bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia. Pesa za simu hazikuwepo kabla ya 2009. Shilingi ilibadilishwa mwaka 1987 na sifuri mbili zikaondolewa, kwa hiyo bei ya sukari ya 1985 na ya 1988 haziwezi kuandikwa kwa tarakimu za namna moja. Hadithi ya mapenzi: kizuizi kitoke ndani ya wapendanao, si ajali ya gari. Bunilizi ya kisayansi: badilisha jambo moja la dunia, mengine yote yabaki na sheria zake.

Kwa mtindo nina neno moja la sarufi, maana wahariri wamechoka kulisahihisha. "Aliingia, alikaa, alivua viatu, alisema" ni maelezo ya polisi. "Aliingia, akakaa, akavua viatu, akasema" ni usimulizi. Kiambishi -li- kifungue tukio, -ka- kilisukume mbele, -ki- kionyeshe yanayoendana, hu- kitoe mazoea. Ukirudi na -li- katikati ya mfululizo, msomaji anahisi umeanza jambo jipya. Basi rudi nayo pale tu unapotaka asimame.

Muswada ukikwisha, uweke kando wiki mbili. Kisha usome wote kwa sauti, na pale ulimi unapojikwaa weka alama bila kusahihisha. Mpe mtu mwingine mazungumzo yaliyofutwa majina ya wasemaji. Akishindwa kujua nani ni nani, rudi kwenye sehemu ya kwanza ya barua hii. Jaribu kuondoa sura ya kwanza. Mara nyingi hadithi inaanzia ya pili.

Mchapishaji akikubali, ulizeni kabla ya kutia saini: anapewa haki ya nchi gani na kwa miaka mingapi, asilimia inakatwa kwenye bei ya kitabu au kwenye mapato yake baada ya gharama, hesabu inaletwa mara ngapi kwa mwaka, na kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa tena haki zinarudi lini. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inaulinda uandishi wako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Karatasi inayosema unahamisha haki zote kwa malipo ya mara moja inawanyima hata watoto wenu. Msiitie saini siku mnayopewa. Nendeni nayo nyumbani, mkaisome na anayejua sheria.

Mzee wenu,
Jinja