Ukija Dunga, leta daftari

Kisumu, Jumapili jioni

Rafiki yangu Chebet,

Salamu kutoka huku Dunga, ufuo wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Unataka kuja kuwapiga picha akina mama wanaoanika na kuuza omena, wale dagaa wetu, na umeniuliza maswali sita kuhusu lenzi, hakuna hata moja kuhusu akina mama wenyewe, kwa hivyo lenzi tuzimalize upesi. Leta ya 35mm, na ya 50mm ukipenda. Ile ndefu ya 200 iache Nakuru. Ya 35 itakulazimisha usimame kama mita moja na nusu kutoka kwa mtu, na hapo huwezi kusimama bila kusalimia.

Kabla ya kupanga safari, tazama mwezi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, nyavu za kuanikia hubaki tupu. Kuna pia marufuku ya uvuvi wa omena, kwa kawaida Aprili hadi Julai. Ukifika, pitia kwanza kwa BMU, kamati inayosimamia ufuo, ujitambulishe kwa mwenyekiti na useme picha zinaenda wapi. Usipofanya hivyo watadhani umetumwa kukagua matundu ya nyavu, na kila mtu atakupa mgongo.

Boti hurudi alfajiri. Hapo utahitaji ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa nuru, ya 1600 hadi 3200, na kasi ya shata isiyopungua 1/250 ya sekunde maana mikono ya kuchambua omena haitulii. Tuko karibu na ikweta, jua hupanda wima; ikifika saa mbili na nusu nuru laini imekwisha. Wageni wengi hukosea kwa kuiachia kamera ipime mwangaza wa fremu nzima. Nyuma ya mama kuna ziwa linalong'aa, kamera inadhani kuna nuru nyingi, inapunguza, na uso wake unatoka mweusi tii usio na macho. Pima usoni, au ongeza stopu moja (nuru maradufu) hadi moja na nusu, ziwa liungue likitaka. Saa sita, kofia na leso zikishatia nyuso kivuli, ngoja mama ainame kugeuza omena mbichi: ule mng'ao wao wa rangi ya fedha unarudisha nuru kutoka chini hadi kidevuni na kwenye mashavu. Hakuna taa ya studio inayoifikia.

Sasa lililo zito. Unaijua habari ya jaboya, mvuvi kumpa mama samaki kwa kubadilishana na ngono. Picha ya mama akipokea samaki kutoka kwa mvuvi, ukiituma bila maelezo, inaweza kuishia kwenye makala ya jaboya au ya virusi vya UKIMWI, na uso ni wake, pengine naye hununua kwa pesa taslimu kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Kwa hivyo andika ndani ya faili la picha lenyewe: nani, anafanya nini, wapi, tarehe, na picha isitumiwe kwa mada gani. Jina liandike kama anavyolitamka yeye, umsomee, akusahihishe. Andika daftarini siku hiyo hiyo. Baada ya siku tatu utakuwa na akina Akinyi wanne usiowatofautisha.

Tazama picha isiyo na maelezo kamili inavyobaki na maswali: Machi 1993 New York Times ilichapisha picha ya Kevin Carter ya mtoto na tumbusi huko Sudan. Wasomaji wakauliza mtoto aliishia wapi, na gazeti halikuwa na jibu. Mwaka uliofuata picha ikapata Pulitzer.

Idhini omba kwa Kiswahili au Kijaluo, si kwa karatasi ya Kiingereza. Rekodi kwenye simu nusu dakika: picha zitaonekana wapi, jina litumike au la, na kwamba anaweza kubadili nia. Mtoto haamui peke yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na mwalimu anayepita si mlezi.

Halafu urudi na picha. Chapa za inchi 4 kwa 6, uzitie lamineti, maana mikono ya huku ina mafuta ya samaki. Usidhani watataka zile unazozipenda wewe, za jasho na moshi. Mama anataka ile aliyosimama wima, leso mpya, anatazama kamera. Mpige hiyo kwanza, dakika mbili tu, ndipo kazi iendelee.

Magamba yakirukia lenzi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla hayajakauka. Yakikauka hushika kama gundi. Usiku kamera ilale kwenye mkebe unaobana, pamoja na pakiti za silika za kunyonya unyevu, isije ikaota ukungu. Kadi usizifute mpaka faili ziwe kwenye diski mbili, na moja isikae begi moja na kamera.

Niandikie tarehe mapema nizungumze na mwenyekiti. Na uje na gambuti, ufuo ni tope.

Wako,
Ochieng'