Mheshimiwa Waziri, nafasi za udokta zinatupita kwa sababu ya karatasi za pointi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu, Kinshasa

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni asistenti wa fizikia hapa Lubumbashi. Kila mwaka naona vijana wenye akili wakikosa nafasi za udokta Ulaya, na watu husema hawakuwa na mtu wa kuwashika mkono. Nakuomba usiamini hivyo.

Katika fizikia na uhandisi, nafasi nyingi za udokta huko ni ajira. Maabara imepata fedha za mradi, inatafuta mtu mmoja, inatangaza, na baada ya wiki chache mlango umefungwa. Ujerumani na Uholanzi, mara nyingi anayechukuliwa husaini mkataba na kulipwa mshahara. Programu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya, inayofadhili watafiti, haiangalii uraia. Sharti lake kubwa ni kwamba usiwe umekaa katika nchi unayoomba zaidi ya miezi 12 katika miaka 3 iliyopita. Kijana wa Katuba, hapa mjini kwetu, ambaye hajawahi kupanda ndege amekwisha kulitimiza. Anayehitaji kujiimarisha kwanza ana ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia huko Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964: mwaka mmoja wa diploma, gharama juu yao.

Kwa hiyo nafasi zipo. Kinachotukwamisha ni karatasi za pointi, yaani hati rasmi za chuo zinazoonyesha alama za mwanafunzi.

Niliwahi kuitwa na maabara moja inayotengeneza vipimo vya mionzi kwa germani (germanium), madini yaleyale yaliyomo katika mlima wa mabaki ya shaba chini ya bomba letu kubwa la moshi. Nilifurahi kama mtoto. Waliomba karatasi za pointi za miaka yote, zenye sahihi na muhuri, ndani ya siku 10. Leo sahihi ipo, muhuri umefungiwa kabatini. Kesho muhuri upo, mwenye sahihi yuko safari ya kazi Kinshasa. Nilizipata siku ya 17. Nilipozipiga skana, wino wa muhuri ulikuwa umefunika pointi zangu za sumaku-umeme, somo nililolifanya vizuri kuliko yote. Nafasi ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe.

Kuna na jambo la pointi zenyewe. Kwetu asilimia 71 ni distinksioni, daraja la heshima, na aliyeipata katika fizikia ameitolea jasho. Profesa wa mbali, aliyezoea wanafunzi wazuri kuwa na 90, anaiona 71 na kudhani ni mtu wa katikati. Hakuna ukurasa wa kumweleza. Hilo linaniuma kuliko hata ucheleweshaji, maana kijana anahukumiwa bila kujua.

Mheshimiwa, toa agizo moja kwa vyuo vikuu vyote: karatasi za pointi zitoke ndani ya siku 7, mwenye sahihi akisafiri awe na wa kumkaimu, zitolewe pia kwa njia ya elektroniki yenye msimbo wa kuhakiki, na nyuma yake yaandikwe maelezo ya viwango vyetu kwa Kifaransa na Kiingereza. Kazi hiyo haidai jengo jipya.

Wiki hii vijana wawili waliomaliza mwaka jana waliniomba barua za mapendekezo. Niliziandika usiku uleule. Ziko mezani kwangu, zinangoja karatasi za pointi.

Asistenti wa fizikia,
Lubumbashi