Risala ya Wahitimu wa Kozi ya Ukocha wa Mpira wa Mikono kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakufunzi wetu, wazazi na wanamichezo wenzetu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Kwanza tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko. Tumezoea wageni wanaouliza kama mpira wa mikono ndiyo netiboli, wewe hukuuliza.

Mheshimiwa, katika kozi hii kila kundi lilipewa kazi ya kufuatilia maisha ya mchezaji aliyegeuka kocha. Sisi tulimchagua Mserbia, Branislav Pokrajac wa Belgrade, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufariki mwaka 2018. Utuvumilie tumweleze kidogo, maana ombi letu limo humo humo.

Mwaka 1972 mjini Munich, mpira wa mikono uligombewa medali ya Olimpiki kwa mara ya kwanza tangu 1936. Ule wa 1936 ulichezwa nje, watu 11 kila upande. Munich ikaleta huu wetu wa ukumbini, saba kwa saba. Pokrajac alikuwa katika kikosi cha Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake enzi hizo, kilichoichapa Czechoslovakia 21–16 katika fainali na kutwaa dhahabu. Kocha wao alikuwa Vlado Stenzel.

Miaka 12 baadaye, Los Angeles, Pokrajac yuko tena Olimpiki na Yugoslavia, safari hii yeye ndiye kocha. Hapo ndipo kundi letu lilipobishana hadi usiku. Mashindano yale hayakuwa na nusu fainali: anayeongoza kundi anakwenda moja kwa moja kugombea dhahabu. Yugoslavia ikatoka sare ya 22–22 na Iceland. Kwa utaratibu huo, sare moja inatosha kumnyima kocha usingizi. Walipona, wakaongoza kundi lililokuwa pia na Algeria, na tarehe 11 Agosti 1984 wakakutana na Ujerumani Magharibi. Matokeo: 18–17. Goli moja! Na enzi hizo kocha hakuwa na kadi ya kuweka mezani kuomba mchezo usimame dakika moja. Alichokuwa nacho ni mapumziko ya kipindi cha kwanza na sauti yake.

Wapo waliosema dhahabu ile ilikuwa nyepesi kwa kuwa Wasovieti na Ujerumani Mashariki waligoma kwenda. Hatukubaliani nao sana. Mwaka 1986 nchini Uswisi, wagomaji wakiwa wamerudi, Yugoslavia ilitwaa ubingwa wa dunia kwa kuifunga Hungary 24–22. Kocha safari hiyo alikuwa Zoran Živković, golikipa wa kikosi kile kile cha Munich. Yaani kikosi kimoja cha wachezaji kilitoa makocha wawili wa dhahabu.

Sasa tugeukie kwetu, Mheshimiwa. Wengi wetu hapa tulicheza, magoti yakachoka, tukakaa nyumbani. Hakuna aliyetuita hata kubeba chupa za maji. Kama si tangazo la kozi hii, yale tunayoyajua kuhusu kuruka kutoka pembeni na kuachia mpira kabla mguu haujagusa ndani ya mstari wa mita 6 kutoka golini yangebaki vijiweni.

Changamoto yetu ya kozi ni vifaa. Tumefanya mazoezi kwa mipira mitatu, na mmoja kati ya hiyo ni wa wavu. Mpira wa mikono hushikwa kwa kiganja kimoja. Ule wa wavu unateleza, na mwenzetu mmoja alipotaka kuonyesha penalti ya mita 7 ulimtoka ukampata mkufunzi. Mkufunzi hajambo, yupo hapa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili: mipira halisi ya mchezo huu, na kila timu ya mkoa itenge nafasi ya kocha msaidizi kwa mchezaji wake aliyestaafu, aanze kukaa kwenye benchi msimu huu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.