Nyumba za wazee zikarabatiwe Februari, si Aprili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wa hapa Dar es Salaam ambao wazazi wao wanaishi Mkuranga, Kisarawe, Rufiji au Bagamoyo. Masika ya ukanda wetu huanza Machi na kuishia Mei, lakini hela nyingi za kukarabati nyumba za wazee hutumwa Aprili, ukuta ukishalala chini. Wakati huo lori la mchanga halipiti, tofali halikauki, na fundi mwenyewe anahangaika na paa la kwake. Januari na Februari, vuli ikishakatika na jua la kaskazi likiwa kali, ndiyo miezi ya kazi hii. Kazi yenyewe ni kuyafuata maji tangu yanapogusa bati mpaka yanapotoka kiwanjani. Rangi, vigae na geti vingoje.

Juu kwanza. Mtu aingie ndani saa sita mchana, afunge milango na madirisha, atazame bati. Kila tundu litaonyesha nukta ya mwanga, naye aweke alama ya chaki kwenye mbao iliyo karibu. Doa la maji ukutani lisimdanganye: maji yakishapenya hutambaa kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati) au kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) kabla ya kudondoka, kwa hiyo tundu huwa juu zaidi, upande wa kofia, yaani kileleni mwa paa.

Mara nyingi chanzo ni msumari. Bati hupanuka mchana na kusinyaa usiku, mbao nayo hukauka, msumari ukaanza kupanda taratibu na mpira wake ukapasuka. Kuugonga urudi kwenye tundu lile lile ni kazi bure, kwa sababu mbao pale imeshalegea. Ung'olewe, upigwe mwingine wenye mpira mzima kwenye mgongo unaofuata, papi ile ile, na tundu la zamani lizibwe kwa kipande cha kitambaa kilicholowekwa lami. Msumari hukaa kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni, maana bondeni ndiko maji yanakopita. Fundi akiwa juu akanyage mstari wa misumari, ambako chini yake kuna papi. Akikanyaga katikati bati linabonyea, maji yanatuama, na kutu inaanzia hapo.

Kama kuna bati la kubadilisha, kumbukeni kwamba namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba: 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Bei ya 32 inavutia, lakini kwa nyumba ya kuishi mimi nisingenunua jembamba kuliko 30. Ubavuni bati lilalie mwenzake mgongo mmoja na nusu, na la juu lilalie la chini sentimita 15 au zaidi. Mdomo wa maungio ya ubavuni uupe kisogo upepo wa kusi, kwa sababu masika yakichanganya ndio huo unaovuma. Wenye makuti waangalie mwinamo: paa lililolala halimwagi maji upesi, makuti yanabaki na unyevu na kuoza kabla ya wakati wake.

Sasa ukuta, na hapa ndipo hela nyingi inapotea. Nyumba ya tofali bichi au ya miti na udongo haiuawi sana na mvua inayoipiga kutoka juu. Inauawa na matone yanayodondoka kwenye upenu mfupi, yakapiga ardhi na kurukia ukuta sentimita 30 za chini. Kila mvua inaondoka na udongo kidogo, ukuta unakonda miguuni, na siku moja unaanguka ukiwa mzima juu. Dawa ni upenu unaotokeza sentimita 60 au zaidi, na mstari wa kokoto au mawe pale matone yanapotua ili yasirukie ukuta.

Wengi badala yake hutuma mifuko ya saruji ili nyumba ipigwe plasta. Juu ya tofali bichi plasta hiyo hupendeza mwaka wa kwanza tu. Udongo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, saruji haifuati, ufa unatokea. Maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea, ukuta unalainika nyuma ya plasta huku kwa nje unaonekana imara. Gongeni kwa vidole: pakilia kama mtungi mtupu, plasta imeshaachana na ukuta, ibanduliwe.

Ukuta wa udongo ukandikwe kwa udongo. Pa kuanzia ni sehemu 1 ya udongo wa mfinyanzi kwa sehemu 3 za mchanga, pamoja na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, na samadi ya ng'ombe ikipatikana. Udongo wa Kisarawe si wa Rufiji, kwa hiyo jaribuni kwanza: pakeni ukutani vipande vitatu vya futi moja moja, kila kimoja na kipimo chake, viacheni vikauke. Kilichopasuka kina mfinyanzi mwingi. Kinachopukutika ukikisugua kwa kidole kina mchanga mwingi. Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kukandika, la sivyo utafyonza unyevu wa udongo mpya na tabaka halitashika. Tabaka la pili lipakwe la kwanza likishakauka.

Mfereji ndio kazi rahisi kuliko zote, inataka jembe tu, na ndiyo inayosahaulika. Uchimbwe upande wa juu wa mteremko, mita 2 au zaidi kutoka ukutani, kina sentimita 30 na upana 40, na udongo wake urundikwe upande wa nyumba kama tuta. Usichimbwe ukiwa umegusa msingi, maana hapo utakuwa unaunywesha maji. Ardhi inayozunguka nyumba ishindiliwe ishuke sentimita 5 kwa kila mita. Kama hela haitoshi kwa yote, anzeni na mfereji na misumari.

Kuhusu gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa unaokinga maji ya mvua, hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 8 kwa 10 likipata milimita 20 linapokea lita 1,600, na hata tukitoa zinazomwagika njiani zinabaki kama 1,300. Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo kitako chake kiwe cha zege, tambarare, juu ya ardhi iliyoshindiliwa. Likikalia jiwe au bonde linapasuka chini. Maji ya mvua za kwanza yaachiwe nje, yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la kumwagia ziada lipelekwe mbali na msingi, na midomo yote ifungwe wavu, kwani mbu wa dengi huzaliana kwenye maji safi yaliyotulia.

Choo cha shimo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini, na sakafu yake iinuke sentimita 15 juu ya ardhi. Kwenye mchanga wa pwani shimo lisilojengewa hubomoka maji ya ardhini yakipanda. Likaguliwe kabla, maana mzee ataingia humo usiku mvua inanyesha.

Wenye wazazi Njombe, Makete au Mufindi wasifuate kalenda hii. Huko mvua huanza Novemba, hivyo matengenezo ni Septemba na Oktoba, na Juni na Julai kuna baridi kali. Wazee wakisikia baridi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga kila mahali. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Wanunulieni mablanketi mazito, zibeni nyufa za milango, na jiko lilale nje.

Fundi ujenzi,
Chanika, Dar es Salaam