Mnaosubiri mtoto wa kuasili: angalieni tarehe ya I-800A
Habari za jioni wapendwa. Kwa mlio Marekani mnaosubiri kuasili mtoto kutoka nchi ya Mkataba wa Hague (makubaliano ya kimataifa kuhusu kuasili watoto): kibali cha I-800A, yaani idhini ya idara ya uhamiaji ya Marekani kwamba mnafaa kuasili, hudumu miezi 15. Ombi la kuongeza muda, yaani fomu ya Nyongeza ya 3 (Supplement 3), lipelekwe ndani ya siku 90 kabla hakijaisha, si baada.

Kinachokwamisha wengi ni ripoti ya ustawi wa jamii, ile inayoeleza familia yenu na mtoto mnayeweza kumpokea. Ikiwa imetaja mdomo sungura tu, na mtoto mliyepewa ana tundu kwenye moyo, lazima irekebishwe kwanza. Na kwa moyo, ombeni video yenyewe ya ultrasaundi. Maandishi yaliyotafsiriwa hayamtoshi daktari wa moyo wa watoto. Inachosha, najua, ila anayechelewa kutibiwa ni mtoto.

Mwenye tarehe ya karibu anifuate inboksi leo.