Mbele zinachanika, kisogoni zinafungana: tufanyeje na nywele za mtoto huyu?

Shangazi, shikamoo. Na nyinyi wasusi na akina mama mnaosoma ukurasa huu, habari za kazi.

Sisi ni wasusi wawili, na swali letu ni la kisogo cha mtoto tunayemsuka. Mtoto ni wa kike, ana miaka minne na nusu, nywele zake ni kipilipili laini: unywele mmoja mmoja ni mwembamba sana, lakini zimejaa kichwa kizima. Ukizivuta zinafika sentimita 12, ukiziachia zinarudi 4. Mbele, utosini na juu ya masikio zinachanika bila kilio. Kisogoni, eneo lisilozidi kiganja chake mwenyewe, siku ya tatu baada ya kuchanwa zimeshaanza kusokotana, na ikifika siku ya kumi pameshakuwa kama kipande cha blanketi. Anaishi Kigamboni, na kwao wanatumia maji ya kisima yanayopandishwa kwenye simtanki. Maji hayo tutayarudia, maana ndiyo yanayotugawa.

Kwanza tueleze tunavyofanya, mtu asije akatujibu "mpakeni mafuta" tukarudi tulikotoka.

Kichwa hakichanwi kikavu, na hakichanwi kikiwa na maji matupu. Kikavu, unywele wa kipilipili unakatika kwenye kona za mikunjo yake. Maji matupu nayo yanauvimbisha, unajikunja upya, na nywele zilizokwishang'oka zikabaki humo ndani zinakaza fundo zaidi. Mtu mzima kwa kawaida hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku, na mtoto naye hudondosha zake. Kwa mtoto aliyesukwa wiki mbili hazina pa kudondokea, zinabaki ndani ya msuko. Ukifumua na kumtia kwenye ndoo moja kwa moja, umetengeneza sufi. Kwa hiyo kuchambua kunatangulia kuosha.

Mabutu yakifumuliwa, kichwa kinagawanywa mafungu 8, manne mbele na manne nyuma, kila fungu na kibanio chake. Chupa ya kupulizia ya mililita 250 ina maji ya uvuguvugu na vijiko viwili vya chakula vya kondishena, inatikiswa kila mara. Fungu moja linapuliziwa mpaka liwe na unyevu bila kuchuruzika, kisha linaongezwa kondishena yenyewe kijiko kimoja cha chai, nyingi ikienda kwenye ncha. Dakika tano za kusubiri. Vidole vinaanza, chanuo la meno mapana linafuata: sentimita mbili za ncha kwanza, zikipita laini unapanda mbili nyingine, mpaka shinani. Mkono wa kushoto umeshika nywele kati ya chanuo na ngozi, ili mvuto uishie mkononi usifike kichwani. Fungu likimalizika linasokotwa mara mbili tatu na kubanwa kabla ya kugusa linalofuata.

Fungu la mbele linachukua dakika nne au tano. La nyuma, 12 hadi 15. Subira ya mtoto wa umri huu ni kama nusu saa, na hapo pengine ana katuni kwenye simu, kwa hiyo tunaanza na kisogo angali mchangamfu. Wasusi wengi huanza mbele kwa kuwa ndiko rahisi, wakifika kisogoni mtoto keshachoka na chanuo linageuka fimbo.

Shampuu ni vijiko viwili vya chai ndani ya kikombe cha maji, inamiminwa kwenye mistari kati ya mafungu, mafungu yakiwa bado yamesokotwa. Vidole vinasugua ngozi tu. Nywele hazirundikwi utosini na kufikichwa kama nguo. Sabuni ya mche hatuitumii kabisa. Sababu tutaieleza kwenye maji. Kuosha ni kila baada ya siku 14. Mapunye tumeshayatazamia: hakuna duara lenye magamba wala vinyweleo vilivyokatikia kwenye ngozi. Yangekuwepo tusingeandika hapa, mtoto angepelekwa hospitali, kwa sababu fangasi hao wapo ndani ya shina la unywele na huhitaji dawa ya kumeza, krimu peke yake haiwafikii.

Sasa fundo lenyewe. La kawaida lina ukubwa wa mbegu ya ukwaju. Likilainika, tunalivuta kwa pande, kushoto na kulia, kwa ncha ya mkia wa kitana. Ukilivuta kwenda chini linakaza. Ukilipasua katikati utakuta kidonge cha nywele zilizong'oka, nyuzi za blanketi jekundu, na punje za mchanga wa shule. Zitandaze nywele hizo kwenye karatasi nyeupe uziangalie mojamoja. Zenye kitone cheupe mwishoni zimeng'oka zenyewe, wakati wake umefika. Fupifupi zisizo na kitone zimekatika. Zile tunazotoa mbele ni ndefu na karibu zote zina kitone. Za kisogoni, nusu nzima ni vipande vya sentimita tatu au nne visivyo na kitone. Kwa hiyo huku nyuma nywele hazifungani tu, zinakatika, na vipande vilivyokatika ndivyo vinavyoshika vingine.

Msuguano tumeushughulikia, ila si wote. Kofia ya satini anaivua usingizini, asubuhi iko chini ya kitanda. Foronya ya satini ilisaidia siku chache, kisha ikaonekana mtoto huyu hakai kwenye mto: ikifika saa nane usiku kashateremka, kichwa kiko kwenye shuka la pamba lililokauka kwa jua na kukakamaa. Mchana kuna kiti cha gari la shule, chenye kitambaa cha kukwaruza, safari ya dakika 40 kwenda na 40 kurudi, na anasinzia kichwa kikiyumba. Nyumbani walikuwa wakimpaka mafuta ya mgando kila asubuhi. Hayo tumeyakataza. Yanashika vumbi na nyuzi kama gundi, na hayafungui fundo lolote.

Na maji. Watu wanachanganya mambo mawili. Kuna maji magumu, yenye kalsiamu na magnesi: sabuni haitoi povu, na sufuria ya kuchemshia inaota gamba jeupe. Sabuni ya mche ikikutana nayo hutengeneza utando usioyeyuka, unabaki kwenye unywele na kuufanya mkavu na wa kukwaruza. Juu ya hapo ina alikali, inainua magamba ya unywele, na magamba yaliyoinuka hushikana na jirani yake. Kuchemsha kunapunguza sehemu ya ugumu huo, ile inayobaki kama gamba kwenye sufuria. Halafu kuna maji ya chumvi, chumvi ile ile ya kula. Hayo ukiyachemsha chumvi haiondoki, inazidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Maji ya kisima hiki yana yote mawili: gamba lipo, na ukionja unaisikia chumvi.

Mmoja wetu anasema hapo ndipo penye ugonjwa. Mwingine anauliza: kama ni maji, mbona mbele hapafungani, na kichwa ni kimoja, ndoo ni moja? Wa kwanza anajibu kwamba maji yanazikausha zote, ila mbele hakuna kinachozisugua, na nyuma zinasuguliwa usiku na mchana. Hatujamalizana.

Tulichojaribu kwa miosho mitatu iliyopita ni suuza ya siki, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, dakika mbili kisha inatolewa. Nywele zinateleza siku hiyo, ya tatu yale yale. Lakini suuza ya mwisho ni maji ya kisima hicho hicho, pengine ndiyo inayorudisha kila kitu. Ndimu tumeiogopa: ikibaki kwenye ngozi ya shingo na paji mtoto akatoka juani, inaweza kumuunguza na kumwachia baka jeusi. Mafuta ya nazi vijiko viwili vya chai, nusu saa kabla ya kuosha, yanapunguza kuvimba kwa unywele, na hayo tunaendelea nayo bila ubishi.

Tunaomba mtusaidie mambo haya.

Mwosho mmoja wa kichwa hiki unatumia kama lita 10. Maji ya mvua yanapatikana masika na vuli, miezi mingine ni kununua kwa dumu. Je, lita tatu za mwisho zikiwa maji ya mvua zinatosha kuondoa chumvi na ugumu, au lazima ziwe zote 10? Aliyewahi kupima tofauti atueleze, hata kama ni kwa kupapasa tu kwa vidole.

Msuko gani unakaa siku 14 kisogoni bila kuvuta? Mabutu yanafumuka siku ya tano kwa kulaliwa. Mistari inayosukwa kupanda juu inakaa, lakini ncha zote zinaishia utosini na mistari ya kisogo ndiyo inayovutwa zaidi. Tayari kuna vipele viwili vidogo kwenye mashina ya shingoni, na msuko unaotoa vipele umekaza mno. Uzi tunaufikiria: fungu la kisogo tu, uzi mweusi wa kusukia, kuanzia nusu sentimita juu ya ngozi ili shina lisivutwe, mpaka ncha izibwe kabisa. Anayewasuka uzi watoto chini ya miaka sita, unakaza kiasi gani, na unaufumua siku ya ngapi?

La mwisho ni mkasi. Bibi yake anataka mtoto anyolewe zote, eti ziote upya laini. Kunyoa hakubadilishi shina, na kwa nywele zinazoota karibu sentimita moja kwa mwezi ni kutupa mwaka mzima. Sisi tunawaza kupunguza ncha za kisogo peke yake, sentimita mbili, zile zilizochakaa na kupasuka. Mama yake anahofia kichwa kitakuwa na pengo. Kwa nywele zinazorudi kutoka 12 hadi 4, pengo la sentimita mbili litaonekana kweli, au litamezwa na mikunjo?

Anayejua atuandikie kiasi, muda na siku. Jina la mafuta peke yake tumeshatajiwa mengi.

Wasusi wawili wa watoto,
Kigamboni, Dar es Salaam