Filamu za Spider-Man zisipangwe kwa hesabu ya dola

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu uliyoichapa katika ukurasa huu, ambamo alizipanga filamu za Spider-Man kuanzia anayoiona bora hadi anayoiona dhaifu kuliko zote, akaiweka No Way Home ya mwaka 2021 kileleni na The Amazing Spider-Man 2 ya mwaka 2014 mkiani. Sina ugomvi na mtu kuwa na chaguo lake, maana ubishi wa namna hii ni sehemu ya raha ya kutazama filamu, na vijiwe vyetu vya kahawa vingepooza sana bila huo. Ninachokipinga ni sababu mbili alizozitoa: kwamba filamu ya 2021 imeingiza fedha nyingi kuliko nyingine zote za shujaa huyu, na kwamba ndiyo iliyowaliza watazamaji wengi zaidi. Sababu ya kwanza haifai kuwa kipimo, na ya pili, ikichunguzwa vizuri, inamgeukia mwenyewe.

Suala la fedha ni jepesi, nitalipita haraka. Ni kweli kwamba No Way Home ilikusanya zaidi ya dola bilioni 1.9 duniani, tena bila kuonyeshwa katika kumbi za China, na hilo si jambo la kubezwa. Lakini anayekubali kuwa mapato ndiyo mizani hana budi kuyakubali na matokeo yake mengine. Katika filamu tatu alizoziongoza Sam Raimi, iliyoingiza fedha nyingi zaidi ni ya tatu, ya mwaka 2007, ambayo ilikaribia dola milioni 900, ilhali ya pili, ya mwaka 2004, ndiyo iliyoambulia kidogo kuliko wenzake, chini kidogo ya milioni 790. Ni nadra kumkuta shabiki, wa rika lolote, anayeiweka ile ya 2007 juu ya ile ya 2004, na mwandishi wa barua yenyewe hakufanya hivyo. Vilevile Into the Spider-Verse ya 2018, iliyotwaa Oscar ya filamu bora ya katuni, haikufikisha hata dola milioni 400, kwa hiyo kwa mizani hiyo ingekaa chini ya zote alizozitaja, naye ameipa nafasi ya tatu. Ameishika mizani pale ilipompendeza, akaiweka kando ilipomkataa.

Kuhusu machozi, yapo mengi ya kusema. No Way Home inawakutanisha vijana watatu waliowahi kumwigiza Peter Parker, kijana anayevaa vazi la Spider-Man, yaani Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland, pamoja na maadui waliotoka katika filamu tano za Maguire na Garfield. Tukio linalotajwa na kila aliyeiona ni lile la MJ, mchumba wa Peter wa Holland, kuanguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi lililozunguka Sanamu ya Uhuru. Peter wa Holland anajirusha kumfuata, lakini adui Goblin anamkumba hewani na kumtoa njiani. Ndipo yule wa Garfield anapojitupa, akamdaka binti na kutua naye salama. Anamuuliza kama yu mzima, lakini sauti inamkwama na macho yanajaa machozi, hata inakuwa ni MJ anayelazimika kumuuliza yeye swali hilohilo.

Sasa tujiulize machozi hayo yametoka wapi. Yametoka katika filamu ya 2014, kwenye mnara wa saa, ambako Gwen Stacy, mchumba wa Peter wa Garfield aliyeigizwa na Emma Stone, alianguka, utando wa Peter ukamfikia, lakini ukamfikia kwa kuchelewa na kichwa chake kikagonga sakafu. Sisi tuliolelewa na filamu ambazo steringi hafi na mchumba wake haguswi tulibaki tumeduwaa, tukingoja afumbue macho, naye hakufumbua. Filamu ya 2021 haikulijenga jeraha hilo hata kwa dakika moja. Ililikuta limekwisha kuwapo ndani ya mtazamaji ikaligusa tu. Anayeisifu kwa machozi hayo, kisha akaitupa mkiani ile iliyoyazaa, anampongeza aliyepakua chakula na kumtukana aliyepika.

Sisemi kwamba filamu ya 2014 ni nzuri. Imejaza maadui, Electro wake hana uzito, na dakika zake nyingi zimetumika kuandaa filamu nyingine ambazo hazikutengenezwa kamwe. Lakini kila mara Garfield na Emma Stone wanapokuwa pamoja mbele ya kamera inasimama imara, na kifo kile ni tukio ambalo mfululizo mzima haukuthubutu kulifanya kabla yake. Ya 2007 nayo ina ugonjwa huohuo wa kujaza maadui. Inajulikana kuwa Raimi mwenyewe hakuwa na hamu na adui Venom, na kwamba alimwingiza baada ya kushawishiwa na mtayarishaji Avi Arad. Hata hivyo ndani yake mna tukio la kuzaliwa kwa adui Sandman, ambamo lundo la mchanga linajaribu kusimama na kuwa mtu, linaunyoosha mkono kukiokota kidani chenye picha ya binti yake mgonjwa, na vidole vinamomonyoka kila vinapokigusa. Hakuna neno linalosemwa pale. Filamu yenye tukio kama hilo haiwezi kuwa ya mwisho katika orodha yoyote.

Kipimo ninachokipendekeza ni kimoja: filamu inamdai kijana huyu alipe nini kwa kuvaa vazi lile? Hicho ndicho kinachomtofautisha Peter Parker na mashujaa wenzake wenye majumba, maabara na watumishi. Katika filamu ya 2004 anadaiwa kila kitu. Tunaanza naye akipeleka piza kwa pikipiki, anachelewa kwa kuokoa watoto barabarani, anafukuzwa kazi. Mwenye nyumba anamvizia mlangoni kwa ajili ya kodi ya chumba. Benki inamnyima mkopo Bi May, mke wa marehemu ami yake, ambaye nyumba inaelekea kumtoka. Na mwishowe hata nguvu zake zinamkimbia. Kisha linakuja tukio la treni. Doctor Octopus, adui wa filamu hii, aliyeigizwa na Alfred Molina kwa utulivu unaotisha kuliko kelele zozote, anaharibu breki na kuiacha treni ikienda kasi kuelekea mwisho wa reli. Peter anasimama mbele yake bila barakoa, anarusha tando kwenye majengo ya pande zote mbili, na kuivuta mpaka nguo inamchanika mwilini. Inaposimama, anazirai, na abiria wanamwingiza ndani wakimpitisha juu ya vichwa vyao, mkono kwa mkono, kabla ya kumlaza sakafuni. Wanapomtazama vizuri wanaona ni kijana mdogo tu, rika la watoto wao. Watoto wawili wanamrudishia barakoa yake na kumwahidi kwamba hawatamsema, na adui anaporudi, abiria wale wasio na silaha yoyote wanasimama mmoja mmoja kumkinga. Machozi ya hapo hayakuazimwa kokote.

Wapo wanaoishusha filamu hii kwa madai kwamba ina vichekesho vingi. Nashuku kuwa baadhi yao waliiona katika banda la video ikiwa imeingizwa sauti ya DJ, na waliyoyacheka yalikuwa ya DJ, si ya Raimi. Nawaheshimu sana watafsiri hao, kwani bila wao wengi wetu tusingezifuata filamu hizi hata kidogo, na wapo wanaoipa uhai filamu iliyokuwa maiti. Ila anayetaka kupanga filamu na kuzipa nafasi afanye kwanza wema wa kuiona yenyewe kama ilivyotoka, kisha aseme.

Kwa kipimo hichohicho, filamu za Holland zinayumba. Mavazi yake ya thamani anapewa na tajiri Tony Stark, na mara nyingi anayelipa gharama ni mtu mwingine. Homecoming ya 2017 inaokolewa na safari fupi ya gari, ambapo adui, aliyeigizwa na Michael Keaton, anampeleka bintiye na Peter kwenye dansi ya shule, akimtazama kijana katika kioo huku akiunganisha mambo taratibu, na taa ya barabarani inapobadilika kuwa kijani, nasi tunajua kwamba amekwisha kumtambua. Far From Home ya 2019 ni matembezi ya Ulaya yenye mapambano ndani yake, wala sina zaidi la kuieleza. No Way Home, kwa haki, inapanda juu, lakini si kwa sababu ya wageni wake waalikwa. Inapanda kwa dakika zake za mwisho, ambapo dunia nzima imemsahau Peter, hata rafiki yake na mchumba wake, naye anahamia chumba kidogo cha kupanga na kujishonea vazi mwenyewe. Hapo ndipo Holland anapolipa, na analipa kwa ukamilifu.

Kuhusu katuni, sikubaliani na wanaodai kuwa zipangwe peke yake kana kwamba ni za watoto. Into the Spider-Verse imefanya kwa mchoro jambo ambalo kamera haiwezi. Pale msituni, Miles Morales, kijana aliye Spider-Man wa filamu hiyo, anapojifunza kuning'inia kwa utando, amechorwa kwa picha 12 kwa sekunde ilhali mwalimu wake anakwenda kwa 24, kwa hiyo mwanafunzi anaonekana kusitasita bila mtu kuambiwa kwamba anasitasita. Na anapojirusha kutoka ghorofani usiku ule, vidole vyake bado vimeganda kwenye kioo kwa hofu, na vipande vya kioo vinang'oka naye.

Kwa hiyo mimi naanza na ya 2004, nafuatisha ya 2018, halafu ya 2021, kisha ile ya kwanza ya 2002 iliyofungua njia kwa zote, ndipo zije ya 2017, ya 2014, ya 2007 na ya 2019. Mkiani naiweka The Amazing Spider-Man ya 2012, iliyoturudisha kwenye buibui yuleyule na kifo kilekile cha ami miaka kumi tu baada ya kuvisimuliwa vizuri zaidi; Mjusi, adui wake, naye alirudi mwaka 2021, na sijasikia aliyetoa chozi kwa ajili yake. Across the Spider-Verse ya 2023 sikuipa nafasi kwa kuwa inakatikia katikati ya kisa. Iwapo mwenzangu anayo sababu ya kuiweka ya 2021 juu ya ile ya 2004 isiyotokana na mapato wala na wahusika walioazimwa, namwomba aiandike, na wewe Mhariri uipatie nafasi.

Mpenzi wa filamu,
Tanga.